Dawa za kutanua mishipa, utando wa ndani wa mishipa na afya ya moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye foleni ya kliniki ya presha na kwenye dirisha la famasi, na mengine huulizwa nyumbani kwa sauti ya chini. Majibu yanaweza kusomwa moja moja. Jambo moja linapita ndani ya yote: mshipa kutanuka na mshipa kuwa mzima ni mambo mawili tofauti, na dawa nzuri ya moyo hupimwa kwa yote mawili. Usianze, usiache wala usibadilishe dozi kwa kusoma hapa tu. Nenda na swali lako kwa daktari au mfamasia wako.

## Mambo ya msingi

1. Dawa za kutanua mishipa ni zipi hasa?

Ni familia kubwa, na ndugu zake hawafanani. Amlodipini na nifedipini huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya ukuta wa mshipa, misuli ikalegea. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili huuzuia mwili usitengeneze angiotensini ya pili, kemikali inayobana mishipa. Losartani na valsartani huiacha itengenezwe lakini huinyima mahali pa kushika. Nitrogliserini na isosorbidi huuletea mshipa nitriki oksidi, ambayo tutaizungumzia sana. Hidralazini hulegeza ateri ndogo moja kwa moja. Sildenafili nayo imo, ingawa watu wengi wanaijua kwa kazi nyingine (tazama swali la 13).

2. Utando wa ndani wa mishipa una kazi gani?

Ndani ya kila mshipa wa damu, kuanzia ateri kubwa inayotoka moyoni hadi kapilari nyembamba kabisa, kuna safu moja ya seli zilizolala bapa. Wataalamu huiita endothelia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kazi yake ni kutenganisha damu na ukuta wa mshipa, basi.

Mwaka 1980, Robert Furchgott na John Zawadzki, waliokuwa wakifanya kazi Brooklyn, New York, walichapisha matokeo yaliyobadilisha mawazo hayo. Walichukua vipande vya ateri kuu ya sungura na kuvipa asetilikolini, kemikali ya mwili inayobeba ujumbe wa neva. Kipande chenye utando wake kamili kililegea. Kile kilichosuguliwa ndani, utando ukatoka, hakikulegea; kilijibana. Maana yake, amri ya kulegea ilikuwa inatoka kwenye utando wenyewe. Miaka michache baadaye ilithibitishwa kwamba ujumbe huo hubebwa na gesi, nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Gesi hiyo haitanui mshipa tu. Inazuia chembe sahani za damu zisishikane ovyo na kuganda, inazuia seli nyeupe zisinate ukutani, na inaizuia misuli ya mshipa isikue kupita kiasi. Utando ukiwa mzima, mwili una dawa yake ya kutanua mishipa, inayotengenezwa saa 24 bila malipo.

3. Utando huo unaharibika kwa nini?

Presha ya muda mrefu, sukari nyingi kwenye damu, moshi wa sigara, lehemu mbaya, uvimbe sugu mwilini na umri. Vyote hivi huishia karibu mahali pamoja: nitriki oksidi hupungua, ama kwa sababu haitengenezwi ya kutosha, ama kwa sababu inaharibiwa na kemikali kali za oksijeni kabla haijafanya kazi.

Ubaya ni kwamba uharibifu huo hauumi. Mtu anaweza kuishi na utando mgonjwa kwa miaka kabla mafuta hayajajijenga ukutani mwa mshipa. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa ateri za moyo zilizoanza kuota mafuta, zikipewa asetilikolini, hubana badala ya kutanuka, sawasawa na kile kipande cha ateri ya sungura kilichosuguliwa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupata maumivu ya kifua pale anapohitaji damu zaidi, kwenye baridi, kwenye hasira au akipanda ngazi.

4. Basi dawa yoyote inayotanua mishipa inautibu utando?

Hapana, na hili ndilo ninalotamani kila mgonjwa alijue. Dawa nyingi hupita juu ya utando na kwenda moja kwa moja kwenye misuli. Mshipa unatanuka, namba kwenye mashine ya presha inashuka, na utando unaweza kubaki vilevile.

Mfano mzito ni doksazosini, dawa nyingine ya kutanua mishipa. Katika utafiti mkubwa wa presha wa Marekani uitwao ALLHAT, kundi lililotumia dawa hiyo lilisimamishwa mapema mwaka 2000, kwa sababu waliopata tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu walikuwa kama mara mbili ya wale waliotumia klorthalidoni, dawa ya zamani na rahisi ya kupunguza maji mwilini. Dawa zote mbili zilishusha presha, na tofauti ya namba ilikuwa ndogo. Mioyo ndiyo haikulindwa sawa.

Kwa upande mwingine zipo dawa zinazoshusha presha na pia kuusaidia utando (swali la 7), na ipo moja ambayo ikitumiwa bila kupumzishwa inaweza kuuchosha (swali la 8).

5. Zinazibua mishipa iliyoziba?

Hapana. Mafuta yaliyojijenga ukutani hayayeyuki kwa kutanua mshipa. Dawa hizi hupunguza mzigo wa moyo na kuongeza nafasi ya damu kupita. Kazi ya kupunguza lehemu na kutuliza ukuta wenye mafuta ni ya dawa za jamii ya statini, na mshipa uliobana sana huenda ukahitaji kuwekewa kipande cha waya cha kuushikilia au kufanyiwa upasuaji. Anayekuuzia chupa ya “kuzibua mishipa” kwa wiki mbili anakudanganya.

## Dawa moja moja

6. Natumia amlodipini na miguu imevimba. Je, figo zimeharibika?

Mara nyingi sivyo. Amlodipini hutanua ateri ndogo zaidi kuliko inavyotanua vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), hivyo shinikizo ndani ya kapilari za miguu huongezeka na maji yakavujia nje. Uvimbe huwa kwenye vifundo vya miguu, huzidi jioni, na huonekana zaidi kwa wanaotumia miligramu 10 kuliko 5. Kwa kuwa chanzo si maji kujaa mwilini, dawa ya kukojosha haisaidii sana. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kuongeza dawa ya jamii ya enalaprili au losartani, ambayo hutanua vena pia na kupunguza huo uvujaji.

Lakini uvimbe unaopanda hadi magotini, au unaokuja pamoja na kuhema usiku ukilala chali, au uso kuvimba asubuhi, ni habari nyingine. Huo unataka vipimo vya moyo na figo bila kuchelewa.

7. Enalaprili inanikohoza. Kuna sababu yoyote ya kuendelea nayo?

Kikohozi hicho kikavu kina asili yake ndani ya faida ya dawa yenyewe. Kimeng'enya ambacho enalaprili hukizuia kina kazi mbili: kutengeneza angiotensini ya pili na kuvunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Kimeng'enya kikizuiwa, bradikinini huongezeka. Kooni na kwenye mapafu huleta kikohozi. Kwenye mishipa huuamsha utando utoe nitriki oksidi zaidi. Wakati huohuo angiotensini, ambayo huchochea zile kemikali kali zinazoharibu nitriki oksidi, imepungua. Utando unanufaika kwa njia mbili.

Na faida imeonekana kwa watu, haikuishia maabara. Mwaka 1987 utafiti uliofanyika nchi za Skandinavia ulionyesha kuwa enalaprili iliokoa maisha ya wagonjwa wa moyo uliochoka sana. Mwaka 2000 utafiti wa HOPE, wenye watu zaidi ya 9,000, ulionyesha kuwa ramiprili, ndugu wa enalaprili, ilipunguza shambulio la moyo, kiharusi na vifo kwa watu waliokuwa hatarini.

Kama kikohozi kinakunyima usingizi, usivumilie kimyakimya na usiache dawa bila kusema. Losartani na wenzake hawaongezi bradikinini namna hiyo, na huwekwa badala yake. Ila midomo, ulimi au koo vikivimba, hiyo ni dharura: acha dawa na kimbia hospitali. Tatizo hilo ni nadra, lakini huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika.

8. Kwa nini daktari anasema isosorbidi nisiimeze usiku?

Kwa sababu nitrati (jamii ya isosorbidi na nitrogliserini) zikikaa kwenye damu mchana na usiku, mwili huzizoea na zinaacha kufanya kazi.

Hili lilionekana viwandani kwanza. Nitrogliserini iligunduliwa na Mwitaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, na Alfred Nobel akaitumia kutengeneza baruti yake ya dinamiti. Wafanyakazi wa viwanda hivyo waliumwa kichwa vibaya kila Jumatatu, kikatulia kadiri wiki ilivyosonga, kisha kikarudi baada ya mapumziko. Miili yao ilikuwa inazoea, kisha inapoteza mazoea hayo wakati wa mapumziko. Wengine walipatwa na maumivu ya kifua siku za mapumziko, mishipa ilipokosa ghafla kile ilichokwisha kukitegemea. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London aliandika juu ya kuitumia nitrogliserini kwa maumivu ya kifua, na Nobel mwenyewe, alipougua moyo mwishoni mwa maisha yake, aliandikiwa dawa hiyohiyo.

Leo tunajua zaidi. Nitrati hupeleka nitriki oksidi kwenye misuli bila kuutegemea utando, ndiyo maana hufanya kazi hata kwa mtu ambaye utando wake umeharibika. Lakini zikitumika mfululizo, huongeza kemikali kali za oksijeni kwenye ukuta wa mshipa, na utando unaanza kushindwa kutengeneza nitriki oksidi yake wenyewe. Dawa inayomsaidia mgonjwa leo inaweza kuudhoofisha utando wake ikiwa haipumzishwi.

Kwa hiyo huachwa nafasi ya saa 10 hadi 12 bila nitrati kila siku, kwa kawaida usiku. Isosorbidi ya mara mbili kwa siku inaweza kupangwa saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, si asubuhi na kabla ya kulala. Ukiona maandishi kwenye pakiti yanasema “2 x 1” bila saa, uliza saa.

9. Kidonge cha nitrogliserini cha chini ya ulimi kinatumiwaje?

Kaa chini kwanza, kwa sababu presha itashuka na unaweza kuanguka. Weka kidonge kimoja chini ya ulimi kiyeyuke. Ukikimeza, ini litakiharibu kabla hakijafika kazini. Maumivu yasipotulia ndani ya dakika 5, au yakizidi, anza safari ya hospitali huku ukifuata maelekezo uliyopewa kuhusu kidonge cha pili. Kuumwa kichwa ni kawaida.

Vidonge hivi havipendi joto wala mwanga. Vikae kwenye chupa yake ya kioo cheusi iliyofungwa vizuri. Katika joto la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mfuko wa shati na kisanduku cha gari ni mahali pabaya. Visihamishiwe kwenye kikopo cha plastiki au kukunjwa kwenye karatasi.

10. Presha ikipanda ghafla, niweke nifedipini au kaptoprili chini ya ulimi?

Nifedipini ya kufanya kazi haraka, hapana. Zamani ilikuwa kawaida kumtobolea mgonjwa kidonge akinyonye. Presha ilianguka kwa kasi, na wapo waliopata kiharusi au shambulio la moyo kwa sababu ubongo na moyo vilikosa damu. Miaka ya 1990 mamlaka za dawa na wataalamu walitoa tahadhari kali, na matumizi hayo yakaachwa. Mishipa iliyozoea presha kubwa kwa miaka haivumilii kushushwa kwa dakika chache.

Na kaptoprili nayo isiwe tiba ya kujipa mwenyewe kila mashine inapoonyesha namba kubwa. Kama hakuna dalili nyingine, pumzika, pima tena, meza dawa zako ulizoziruka kama ndivyo ilivyo, na nenda kliniki. Kama kuna maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, kutoona vizuri au kushindwa kupumua, huo ni wakati wa hospitali na si wa kidonge cha jirani.

11. Nasikia kuna mchanganyiko wa hidralazini na isosorbidi kwa watu weusi. Ni kweli?

Ni kweli, na unahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Utafiti wa A-HeFT uliofanyika Marekani ulihusisha wagonjwa 1,050 waliojitambulisha kuwa Wamarekani weusi, wenye moyo kushindwa kusukuma damu, wakiendelea na dawa zao nyingine. Ulisimamishwa mapema mwaka 2004, kwa sababu waliopewa mchanganyiko huo walikufa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 43. Mwaka 2005 mchanganyiko huo uliidhinishwa kwa jina la BiDil, ukawa wa kwanza Marekani kuidhinishwa kwa watu wa kundi moja la rangi.

Kwa habari ya utando, mchanganyiko huu unavutia sana: isosorbidi huleta nitriki oksidi, na hidralazini inaonekana kuilinda isiharibiwe, ikapunguza kule mwili kuzoea dawa tulikokueleza kwenye swali la 8. Lakini rangi ya ngozi haituelezi hali ya mishipa ya mtu, na matokeo ya Chicago au Atlanta hayawi ya Mwanza kwa sababu ya ngozi tu. Mchanganyiko huu una nafasi pia kwa mgonjwa yeyote asiyeweza kutumia enalaprili au losartani.

12. Na kwa presha ya kawaida, Waafrika tuanze na dawa gani?

Hapa tuna ushahidi wa kwetu. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wagonjwa 728 katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Uganda. Amlodipini pamoja na haidroklorothayazaidi (dawa ya kukojosha), au amlodipini pamoja na perindoprili (ndugu wa enalaprili), zilishusha presha vizuri kuliko perindoprili pamoja na haidroklorothayazaidi. Kwa hiyo amlodipini ni msingi mzuri. Lakini mwenye kisukari, protini kwenye mkojo au moyo uliochoka anahitaji dawa ya jamii ya swali la 7 pia, hata kama peke yake haishushi namba sana.

## Kuchanganya na vitu vingine

13. Naweza kutumia dawa ya nguvu za kiume na dawa za moyo?

Kama unatumia nitrati ya aina yoyote, hapana kabisa. Sildenafili ilianza kutafutwa na Pfizer huko Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua. Nitriki oksidi hupeleka ishara ndani ya misuli ya mshipa. Sildenafili huzuia ishara hiyo isizimike. Nitrati inaiwasha kwa nguvu, sildenafili inaiacha iendelee kuwaka, na presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Hospitali haikupi nitrati ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, au saa 48 baada ya ndugu yake tadalafili. Kwa hiyo ukifika na maumivu ya kifua, mwambie daktari ulichomeza, hata kama mkeo amesimama pembeni.

Hatari nyingine ni unga na vidonge vya “mitishamba” vya nguvu za kiume. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta sildenafili ndani ya bidhaa nyingi za namna hiyo, bila kutajwa kwenye lebo.

Na jambo ambalo wanaume hawaambiwi vya kutosha: ateri za uume ni nyembamba kuliko za moyo, na utando ukiugua, huko huonekana mapema. Kupungua kwa nguvu kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka michache. Kabla ya kununua kidonge, pima presha, sukari na lehemu.

14. Miraa na sigara vinaathiri dawa hizi?

Vinavuta upande wa pili. Miraa ina kathinoni, inayopandisha presha, kuongeza mapigo ya moyo na kubana mishipa ya moyo. Tafiti za Yemen zimeihusisha na shambulio la moyo kwa watafunaji sana. Sigara huharibu utando moja kwa moja. Dawa inatanua asubuhi, miraa inabana alasiri, na mgonjwa anaambiwa dawa “imekataa”.

15. Balungi lina tatizo gani?

Huzuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja felodipini na nifedipini, dawa ikazidi kwenye damu. Amlodipini haiguswi sana. Chungwa la kawaida halina shida hiyo.

16. Virutubisho vya arjinini vinajenga nitriki oksidi?

Arjinini ndiyo malighafi ya nitriki oksidi, hivyo wazo linaonekana zuri. Lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 153 waliotoka kupata shambulio la moyo. Utafiti ulisimamishwa: watu 6 walikufa katika kundi la arjinini, hakuna aliyekufa katika kundi jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Aliyepata shambulio la moyo asivitumie.

Mboga za majani kama mchicha, na kiazi chekundu cha bitiruti, zina nitrati ambayo bakteria wa mdomoni huigeuza kuelekea nitriki oksidi, na hushusha presha kidogo. Na kutembea kwa haraka ni tiba halisi ya utando: damu inapopita kwa kasi huusugua utando kwa upole, nao hujibu kwa kutengeneza nitriki oksidi zaidi.

## Hali za pekee

17. Nina mimba, au nataka kubeba mimba.

Enalaprili, losartani na jamaa zao wote humdhuru mtoto tumboni. Mwambie daktari kabla ya kubeba mimba au mara tu unapojua. Nifedipini ya kufanya kazi taratibu, methildopa na labetaloli ndizo hutumika, na hidralazini ya sindano hutumika hospitalini presha ikiwa kali. Kifafa cha mimba na presha inayokitangulia ni magonjwa ya utando wa mishipa ya mama. Mwanamke aliyeyapata ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye, hata presha ikirudi sawa baada ya kujifungua. Apime kila mwaka.

18. Presha imekaa sawa miezi mingi. Niache dawa?

Imekaa sawa kwa sababu ya dawa. Ukiacha, inarudi, na utando unaanza kuumia tena bila kukuambia. Kama umepungua uzito na kupunguza chumvi, daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua huku akipima.

19. Kuna kipimo cha utando?

Kipo. Mkono hubanwa kwa mpira wa presha dakika 5, ukiachiwa, mashine ya mawimbi ya sauti huangalia ateri imetanuka kiasi gani. Kilianza kuelezwa mwaka 1992 na hutumika zaidi kwenye utafiti. Usilipie pesa nyingi kukitafuta. Presha, sukari, lehemu na mkojo vinampa daktari anachohitaji kuamua.

20. Nifanyeje mwezi wa Ramadhani?

Zungumza na daktari wiki chache kabla. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kidonge kimoja baada ya futari kinatosha. Dawa za mara tatu kwa siku, kama kaptoprili, mara nyingi hubadilishwa kuwa za mara moja. Isosorbidi inahitaji mpango mpya kabisa, kwa sababu ile nafasi ya kupumzika inahamia mchana, saa ambazo mtu anafanya kazi na anaweza kupata maumivu. Anayetumia pia dawa ya kukojosha awe macho na kizunguzungu alasiri.

Kuhusu kidonge cha chini ya ulimi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema hakibatilishi swaumu maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Kifua kikiuma mchana wa Ramadhani, weka kidonge chini ya ulimi hapohapo, kisha fuata hatua za swali la 9.